Maji Yaliporudi Visimani

Mwanamke aliyepima visima vya mgodi aliitwa Dada Futi, kwa sababu ya utepe mrefu wa kupimia aliotembea nao begani, umezungushwa kwenye gurudumu la plastiki. Jina alipewa na mdogo wake, aliyechimba makaa ya mawe katika mgodi huohuo, na kwa kuwa mdogo wake alikuwa mtu wa mzaha anayependwa na kila mtu, jina lilishika mpaka ofisini. "Tumegawana vizuri," alikuwa akiwaambia wenzake. "Dada kazi yake kuchungulia mashimo, mimi kazi yangu kukaa ndani yake."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kuuzunguka mgodi, mashambani, kando ya barabara na nyuma ya nyumba za watu, kampuni ilikuwa imechimba visima vyembamba, kila kimoja upana wa sufuria ndogo, na juu yake bomba la chuma lenye mfuniko na kufuli. Havikuwa vya kuteka maji. Vilikuwa vya kujua maji yako wapi. Dada Futi alifungua kufuli, akateremsha utepe wenye kidude cha chuma mwishoni, na kidude kilipogusa maji, gurudumu mkononi mwake lililia kama kifaranga. Hapo alisoma namba, akaiandika, akafunga, akaenda kwenye kingine.

Miaka yote aliyofanya kazi hiyo, maji yalikuwa yakishuka. Kwenye uwanja wa mgodi kulikuwa na pampu kubwa zilizonyonya maji ya chini kabisa bila kupumzika ili wachimbaji wasifanye kazi ndani ya maji, na kadiri zilivyonyonya, visima vya watu huku juu vilikauka kimoja baada ya kingine. Kisima cha nyumbani kwao, alichokichimba marehemu baba yake kwa mikono yake, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kukauka. Kampuni ikaweka tangi karibu na zahanati, lori likawa linakuja kulijaza, na watu wakazoea kupanga ndoo. Walilalamika, halafu wakachoka kulalamika, kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa na mtu anayekula mkate wa mgodi.

Kisha mgodi ukashika moto.

Wengi walitoka. Wanne hawakutoka, na mdogo wake Dada Futi alikuwa mmoja wao. Walikuwa kwenye handaki lililoitwa Njia ya Tatu, upande wa pili wa moto. Waokoaji walijaribu kuwafikia mpaka mmoja wao akatolewa amezimia, ndipo wakakatazwa kurudi. Midomo ya mgodi ikazibwa kwa zege ili moto ukose hewa. Lakini makaa ya mawe yanaweza kuungua kimyakimya kwa muda mrefu, na moshi ukaendelea kupenya kwenye nyufa za ardhi, ukitambaa hadi kwenye bustani za watu. Mwishowe ikaamuliwa pampu zizimwe, maji yapande yenyewe na kuuzima. Daktari wa kampuni aliziambia familia kwamba wale wanne walikufa kwa moshi siku ileile, kabla zege halijakorogwa. Moto ukishazimika, aliongeza meneja, maji yatatolewa na miili italetwa juu. Ndivyo walivyoambiwa, na mama yake Dada Futi alilishika neno hilo kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi.

Tangu hapo kazi ya Dada Futi iligeuka. Utepe aliokuwa akiuteremsha mbali, sasa aliuteremsha karibu zaidi kila mara. Maji yalikuwa yanapanda. Kwenye ramani ya ofisini, Njia ya Tatu ilichorwa kwa mstari mwekundu, na kando yake iliandikwa namba ya kina chake. Hakuhitaji kuiangalia mara ya pili.

Kila jioni alipoingia nyumbani, mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, na kabla hata ya kuitikia salamu aliuliza, "Yamefika wapi?"

"Bado yako chini, mama. Hayajamfikia."

"Lakini yanapanda."

"Yanapanda, ndiyo. Ndiyo yanayozima moto."

Mama alitikisa kichwa polepole. Wifi yake Dada Futi, mke wa marehemu, aliyeishi nao pamoja na watoto wake wawili, alikuwa akisikia yote haya huku akikoroga uji. Yeye msiba wake aliuzamisha kazini: alifua, alipika, alisugua sakafu mpaka vidole vikachubuka.

Ikafika siku ambayo mjiolojia wa kampuni, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsubiri Dada Futi kwenye geti asubuhi. Alikuwa ameshika gurudumu la akiba.

"Leo kile cha karibu na Njia ya Tatu nitakwenda mimi," alisema. "Wewe pumzika. Au nenda vya upande wa barabara."

Dada Futi alimtazama, akaelewa. "Yatakuwa yamefika leo?"

"Kwa hesabu zangu, leo au kesho."

"Nitapima mwenyewe."

"Si lazima, dada yangu."

"Najua si lazima."

Alikwenda peke yake. Kisima kilikuwa katikati ya shamba la mtu, mahindi yamekauka kila upande. Alifungua kufuli, akaanza kuteremsha utepe, na mkono wake uliujua urefu kabla macho hayajausoma. Kifaranga kililia. Alisoma, akapandisha kidogo, akateremsha tena, kikalia palepale. Maji yalikuwa yamevuka mstari mwekundu kwa kimo cha mtu aliyelala. Alikaa chini kwenye vumbi, mgongo ameuegemeza kwenye bomba la chuma, na huko ndiko alikolia. Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga, akaandika namba, akafunga kufuli, akaenda kwenye kisima kilichofuata.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mama. Alipofika, mama aliuliza kama kawaida. Dada Futi alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Bado, mama. Bado kidogo."

Wifi yake aliacha kukoroga. Aliinua uso, akamtazama mara moja tu, kisha akaendelea.

Neno likishatoka halirudi mdomoni, na Dada Futi alijikuta analilisha kila jioni. Bado kidogo. Yamepunguza kasi. Labda wiki ijayo. Alijiambia anamlinda mama, na ilikuwa kweli; lakini pia alikuwa akijilinda yeye, maana alikuwa hajui atasimama vipi mbele ya uso ule. Mama naye alianza kuchangamka kidogo. Alitoa shuka jeupe sandukuni, akalifua, akalianika. La kumvika mwanawe akiletwa.

Shuka lilikuwa bado kwenye kamba asubuhi wifi alipokwenda nyuma ya nyumba kuchukua ndoo za kwenda nazo kwenye tangi. Mtoto wake mkubwa, msichana mdogo asiyetulia, alikuwa ameegemea ukuta wa kisima cha babu yake akitupia vijiwe ndani, kama alivyozoea. Wifi alimwita aondoke pale, akasikia kijiwe kinachofuata kikianguka. Hakikugonga. Kilisema chubwi.

Alisogea akachungulia. Chini kule, mahali palipokuwa giza na matope makavu tangu alipoolewa, palikuwa na duara la mwanga, na ndani yake vichwa viwili, chake na cha mtoto.

"Maji," alisema, kisha akaita kwa sauti ya juu, "Mama! Maji yamerudi!"

Alifurahi. Ndivyo ilivyokuwa, na baadaye alijilaumu kwa hilo. Mwanamke aliyebeba ndoo kichwani miaka yote ile, mara mbili akiwa na mimba, alifurahi kabla hajafikiri. Fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisikia akaja mbio na nyuzi zikiwa zimemning'inia shingoni, naye akachungulia, akapiga makofi, akasema nusu ya mwili wake imeishia kwenye foleni ya tangi, sasa ataanza kuijaza upya. Walikuwa wanacheka wote wawili Dada Futi alipotokea mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na mama nyuma yake.

Mama hakukisogelea kisima. Alisimama pembeni ya shuka lililoanikwa, akamgeukia binti yake.

"Kama yamefika hapa," alisema taratibu, "huko alikolala yamefika lini?"

Kicheko kilikatika. Fundi cherehani alitazama miguu yake.

"Mama," alisema Dada Futi.

"Nimekuuliza."

"Zamani kidogo. Wiki kadhaa."

"Na kila jioni mimi nakuuliza."

"Nilishindwa kukwambia."

Mama alilitoa shuka kwenye kamba, likiwa bado na unyevu, akalikunja vizuri pembe kwa pembe, akaingia nalo ndani. Jioni ile hakukaa kwenye kigoda.

Kampuni iliitisha mkutano kwenye ukumbi ambamo wachimbaji walikuwa wakibadilishia nguo. Ndoano zilikuwa bado zinaning'inia darini kwa minyororo, nyingine zikiwa na mashati ambayo hayakuwa yamechukuliwa. Watu walikaa chini yake wakijitahidi wasitazame juu. Meneja alisema moto umezimika kabisa, akatoa shukrani, kisha akasema mgodi hautafunguliwa tena. Kuta zimelegea. Maji yataachwa yalivyo.

Mama aliinuka. Alikuwa mfupi, na ilibidi walio mbele wainame ili meneja amwone.

"Ulisema moto ukizimika mtatoa maji, mnipe mwanangu."

"Ni kweli, mama, nilisema. Wakati ule tulidhani inawezekana."

"Pampu zipo. Nimeziona zimelala pale uwanjani. Ziwasheni."

Familia nyingine za marehemu ziliitikia kwa kuguna. Meneja alieleza kwamba kuwasha pampu ni jambo moja, na kumwingiza mtu kwenye mahandaki yaliyolowa ni jambo lingine. Kabla hajamaliza, fundi cherehani alisimama upande wa pili wa ukumbi.

"Jirani yangu, nisamehe," alimwambia mama. "Mimi sina mtu kule chini, na siwezi kujidai najua unavyoumia. Lakini pampu zile ndizo zilizotukausha. Sasa hivi kisima changu kina maji, kisima chako kina maji. Watoto wanaoga. Tukiwasha tena, tunarudi kulekule."

"Wewe unataka maji," mama alisema, "mimi nataka mifupa."

Mtu mmoja wa nyuma akasema muulizeni anayepima. Vichwa vyote vikamgeukia Dada Futi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na mjiolojia, utepe wake mapajani. Mjiolojia alitaka kusimama badala yake. Dada Futi akamshika mkono kumzuia.

"Pampu zikiwashwa," aliuliza fundi cherehani, "visima vyetu vitakauka?"

"Vitakauka."

"Vyote?"

"Vya upande wetu, vyote."

"Na watampata?" aliuliza mama. Hakumtazama meneja wala mjiolojia. Alimtazama binti yake.

Dada Futi alisimama. Safari hii hakutafuta neno laini. "Sidhani, mama. Dari ya Njia ya Tatu imeshaanguka. Vipimo vinaonyesha maji yalipita pale kama yanapita kwenye kifusi."

Mama alikaa. Mkutano uliendelea, watu wakasema, meneja akajibu, na ikaamuliwa kama ilivyokuwa imeshaamuliwa kabla ya watu kuitwa. Wakati wa kutoka, fundi cherehani alitaka kumshika mama mkono, lakini mama alipita kana kwamba hakumwona.

Nyumbani palianza vita vya chinichini. Wifi alichota maji kisimani, akayaacha kwenye ndoo mpaka kutu nyekundu ikatua chini, akayachemsha, akapikia na kuwaogeshea watoto. Mama hakuyagusa. Alichukua dumu dogo, akatembea mpaka kwenye tangi na kurudi, akisimama kila baada ya hatua chache kushika kiuno. Alijipikia sufuria yake peke yake. Siku moja alimkuta mjukuu wake mdogo akinywa kikombe cha maji ya kisima, akampokonya na kuyamwaga. Mtoto akaangua kilio.

"Mama, mbona hivyo?" wifi alisema.

"Asiyanywe hayo. Baba yake yumo."

"Mama, nakuomba."

"Yamemwosha mwanangu, halafu ninyi mnapikia."

Wifi alimbeba mtoto, akampigapiga mgongoni. Alipojibu, sauti ilikuwa ya chini sana. "Alikuwa mume wangu. Usiku nalala upande wangu tu wa kitanda, upande wake siusogelei. Usinifanye kama mimi simjui. Lakini hawa wana kiu, na mimi siwezi kwenda na kurudi kule na mtoto mgongoni kila siku ya Mungu."

Dada Futi alijaribu kuwasuluhisha. Alimweleza mama kwamba maji ya kisimani yanatoka pande zote, kwenye mvua na kwenye vilima, si mgodini tu; mjiolojia ameyapeleka kupimwa, yana chuma lakini hayana madhara. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na wewe ndiye uliyeniambia bado kidogo."

Siku chache baadaye alirudi mapema kutoka kwenye mzunguko wake. Akiwa bado barabarani alisikia mlio kutoka nyuma ya nyumba, akaufahamu kabla hajafika: jiwe linatumbukia majini. Kisha jingine. Alikuwa amesikiliza mashimo kwa miaka mingi, na sikio lake lilimwambia kwamba maji yale hayakuwa na kina kirefu tena.

Mama alikuwa amesimama kando ya kisima na koleo. Ukuta wa jiko la zamani, uliobomoka tangu enzi za baba, ulikuwa umekwisha nusu. Matofali aliyoyang'oa yalikuwa yameingia shimoni, na sasa alikuwa anasukuma udongo. Shuka jeupe halikuwepo mikononi mwake wala popote uani, na Dada Futi alielewa kwamba limetangulia shimoni. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni, akitazama, midomo ameibana.

"Mama, acha," alisema Dada Futi.

"Sikumzika," mama alisema bila kusimama. Alikuwa anahema. "Sikumtupia hata kiganja cha udongo. Wenzangu wote wana mahali pa kwenda kukaa. Mimi niende wapi, kwenye bomba lako lenye kufuli?"

"Baba alikichimba hiki."

"Nakumbuka. Nilikuwa nikivuta ndoo za udongo mimi. Nisaidie au uniache."

Aliinua koleo tena, likamshinda, udongo ukamwagikia miguuni. Dada Futi alilichukua kutoka mikononi mwake. Alikusudia kulitupa, amshike mama bega, amwingize ndani. Lakini mama alikaa chini kando ya rundo, akachota udongo kwa viganja, akautupa ndani ya shimo, na midomo yake ikawa inaomba. Dada Futi akapiga moyo konde, akachomeka koleo kwenye rundo, akarusha. Kisha akarusha tena. Alipiga koleo mpaka mlio wa maji ukawa mlio wa tope, na mlio wa tope ukawa kimya. Wakati fulani katikati alitambua kwamba na yeye anaomba.

Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Wifi alikuwa chumbani anakunja nguo za watoto.

"Narudi kwa wazazi wangu," alisema. "Sina ugomvi na mtu."

"Wifi, subiri kwanza. Mama atatulia."

"Atatulia, najua. Sasa ana kaburi." Alifunga mzigo fundo, akalikaza kwa meno. "Wewe ungeweza kumzuia. Nilisimama pale nikisubiri umzuie."

Dada Futi aliuinua mzigo. Alimbebea mpaka barabarani, wakasubiri gari, msichana yule mdogo akimshika shangazi yake kidole.

Lori la maji liliacha kuja muda si mrefu baada ya hapo. Mgodi ulikuwa umefungwa, visima vimejaa, na kampuni haikuona sababu ya kuendelea kujaza tangi. Fundi cherehani ndiye aliyekuja mwenyewe, akasimama nje ya uzio, akamwambia Dada Futi achote kwake wakati wowote, mlango wa nyuma haufungwi. Hakusema neno juu ya kisima kilichofukiwa.

Mama aliona binti yake akiingia na ndoo kutoka upande ule. Aliinuka, akachukua kikombe, akakichovya, akanywa mpaka akakimaliza.

"Yana ladha ya chuma," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ni yaleyale."

"Ni yaleyale."

Alikiweka kikombe mezani. "Kesho si siku ya kazi. Nenda kamwambie mkwe wangu arudi na watoto. Mwambie nimesema mimi."

Dada Futi alikwenda. Wifi alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwonyesha alama za meno ya mtoto mdogo kwenye kijiko cha mbao. Alisikiliza ujumbe wote. Kisha akasema hana kinyongo, na mama apewe salamu, lakini hatarudi. Amepata kazi ya kufua kwenye hosteli ya wanafunzi. Kule kwa mama mume wake hayupo, na kila akitoka nje atakuwa anautazama udongo ule.

Dada Futi alirudi, akamkuta mama akichambua mchele kwenye ungo. Akaketi karibu naye, akamweleza neno kwa neno, bila kupunguza.

Mama aliendelea kuchambua. "Mdogo ameanza kutembea?" aliuliza.

"Ameanza. Anashika ukuta."

"Vizuri," mama alisema, akaokota changarawe kwenye mchele, akaitupa nje.